Istilahi za Matibabu ya Nje ya Nchi: Maelezo kwa Wananchi wa Musoma, Bunda na Butiama

Wananchi wa Musoma, Bunda na Butiama wanafahamishwa kwamba maelezo haya yametayarishwa kwa ajili ya mgonjwa anayekusudia kwenda kutibiwa nje ya nchi, jamaa wanaomchangia na yule atakayemsindikiza. Madhumuni yake ni kuweka bayana maana ya maneno ambayo mgonjwa hukutana nayo katika karatasi na katika vinywa vya madaktari, tangu zahanati ya kijijini hadi kitanda cha hospitali ya ugenini.

Safari ya matibabu aghalabu hugharimiwa kwa mali isiyorudi: ng'ombe, shamba, mtumbwi na nyavu zake, au kiinua mgongo cha mstaafu. Mali hiyo huuzwa kwa kutegemea neno moja au mawili yaliyotamkwa na daktari, na mara nyingine neno lenyewe halikufahamika. Mtu huambiwa "rufaa" akasikia "India". Mwingine hupewa makisio ya gharama akadhani ndiyo bei kamili. Mwingine hutia saini fomu ya ridhaa akidhani anaandikisha jina lake tu. Kwa hivyo inapasa neno lifahamike kwanza, ndipo mali iuzwe.

RUFAA

Rufaa ni kumpeleka mgonjwa kwa barua kutoka ngazi moja ya matibabu hadi nyingine yenye wataalamu au vifaa zaidi. Neno hili halina maana ya kwenda nje ya nchi. Kwa mkaazi wa Mara ngazi hizo ni zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Kumbukumbu ya Mwalimu Julius Nyerere iliyopo Kwangwa, Musoma, ambayo ujenzi wake ulisimama kwa miongo kadhaa kabla ya kuanza kutoa huduma. Juu yake ipo Hospitali ya Bugando, Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971, ambayo huhudumia Kanda ya Ziwa. Baada ya hapo ni Hospitali ya Taifa Muhimbili na taasisi maalumu, zikiwemo Taasisi ya Saratani Ocean Road, Taasisi ya Mifupa Muhimbili na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete.

Ni muhimu kuzijua ngazi hizi kwa sababu matibabu mengi yaliyokuwa yakifuatwa ng'ambo sasa yanapatikana nchini. Upandikizaji wa figo ulianza Muhimbili mwezi wa Novemba 2017, na mwaka 2018 ukaanza pia katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015, hufanya upasuaji wa moyo kwa watoto na kwa watu wazima. Mwenye kupanda ndege bila ya kupita ngazi hizi huenda akalipia mbali kile ambacho angekipata karibu, tena akiwa na ndugu wa kumpikia uji na wa kumbadilisha shuka.

Hali kadhalika inafaa kutofautisha mambo mawili. Ya kwanza ni rufaa ya Serikali kwenda nje, ambayo hutokana na maoni ya madaktari bingwa wa hospitali za juu na huidhinishwa na Wizara ya Afya baada ya kuthibitika kwamba tiba hiyo haipatikani nchini. Ya pili ni safari ya mtu binafsi, ambayo mgonjwa huigharimia mwenyewe. Barua ya daktari wa wilaya haiigeuzi safari ya pili kuwa ya kwanza. Asiyelijua hili hufika katika hospitali ya ugenini akisubiri Serikali ilipe, ilhali hakuna aliyeiandikia Serikali.

Ieleweke pia kwamba kuvuka mpaka wa Sirari ni kwenda nje ya nchi. Kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya wa Tanzania si kadi ya Kenya. Kwa miaka mingi mifuko ya nchi hizi mbili ilitumia herufi zilezile nne, NHIF, mpaka Kenya ilipouweka mfumo mpya mahali pa mfuko wake mwezi wa Oktoba 2024. Kufanana kwa herufi hakukuwa kufanana kwa haki.

DALILI, UTAMBUZI NA TAARIFA YA DAKTARI

Dalili ni kile anachokihisi au kuonekana nacho mgonjwa, kama vile homa, maumivu, kukonda au kutokwa na damu. Utambuzi ni uamuzi wa daktari kuhusu ugonjwa unaosababisha dalili hizo. Mtu mwenye uvimbe ana dalili, na bado hana utambuzi. Si kila uvimbe ni saratani, na hakuna anayeweza kuyatenganisha mawili hayo kwa kuutazama kwa macho tu. Kipimo chake ni kukata kipande kidogo cha nyama ya mahali palipoathirika na kukichunguza katika maabara ya patholojia. Kipande hicho huitwa sampuli. Mgonjwa anayo haki ya kuuliza: "Daktari, ugonjwa huu umethibitishwa kwa kipimo gani, au bado unashukiwa?" Ikiwa jibu ni kwamba unashukiwa tu, muda wa kuuza ng'ombe haujafika.

Taarifa ya daktari ni karatasi inayoeleza historia ya ugonjwa, vipimo vilivyofanywa, dawa zilizotumika na sababu ya kumpeleka mgonjwa mbele. Hospitali ya nje huisoma kabla ya kumkubali mgonjwa. Pamoja na taarifa hiyo mgonjwa achukue picha zenyewe za eksirei, siti skani au MRI, na si maelezo yake peke yake. Ikiwa alikatwa nyama, aombe majibu ya patholojia na aulize namna ya kupata sampuli iliyohifadhiwa, maana bila ya vitu hivyo vipimo hurudiwa upya, na kila kinachorudiwa hulipiwa.

Jambo la majina lizingatiwe sana. Katika mkoa wetu mtu huweza kuwa na jina la ubatizo au la dini, jina la ukoo na jina ambalo kijiji kizima kimemzoea nalo. Jina lililo katika pasipoti ndilo linalopasa kuandikwa katika taarifa ya daktari, katika majibu ya maabara na katika tiketi. Herufi moja ikitofautiana, majibu ya damu huweza kuhesabiwa kuwa ya mtu mwingine.

MAKISIO, AMANA, ANKARA NA WAKALA

Makisio ya gharama ni hesabu ya kukadiria inayotolewa na hospitali kabla ya kumwona mgonjwa. Hospitali huhesabu siku kadhaa za kulazwa na upasuaji usio na matatizo. Mgonjwa akipata homa baada ya kupasuliwa, au akilazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, siku huongezeka na gharama hupanda. Aulize kwa maandishi: makisio haya yamehesabu siku ngapi za kulala, yanajumuisha dawa na damu, na yapo katika dola au katika fedha ya nchi ile?

Amana ni fedha inayotangulizwa kabla ya matibabu kuanza. Si malipo ya mwisho. Iulizwe mapema kama sehemu iliyobaki hurudishwa, na hurudishwa kwa njia gani. Ankara ni hesabu halisi inayotolewa wakati wa kutoka hospitalini, na kwa kawaida ndiyo humsimamisha mgonjwa asiondoke. Fauka ya hayo, gharama ya nyumba ya kupanga karibu na hospitali, chakula cha msindikizaji na nauli za kwenda na kurudi kliniki hazimo katika ankara ya hospitali. Familia inayopanga safari ihesabu fedha hizo kando.

Wakala ni mtu au kampuni inayomtafutia mgonjwa hospitali na kumtayarishia karatasi. Wapo wanaoifanya kazi hiyo kwa uaminifu. Hata hivyo wakala aghalabu hulipwa kamisheni na hospitali anayoipelekea wagonjwa, na kwa sababu hiyo ushauri wake si ushauri wa daktari. Pasipoti isikabidhiwe kwa wakala kwa muda usiojulikana, na fedha ya hospitali ilipwe kwa hospitali yenyewe kwa risiti.

PASIPOTI, VIZA NA MSINDIKIZAJI

Pasipoti hutolewa na Idara ya Uhamiaji. Tangu mwaka 2018 Tanzania inatumia pasipoti ya kielektroniki. Kwa safari za nchi jirani ipo pia hati ya dharura ya safari, lakini hati hiyo haimfikishi mtu India.

Viza ni ruhusa ya kuingia katika nchi nyingine, nayo ina aina zake. Kwa India, ambako Watanzania wengi wamekuwa wakifuata matibabu, ipo viza ya matibabu ambayo huombwa kwa barua ya hospitali inayomkubali mgonjwa. Mwenye kwenda kwa viza ya utalii akitaraji kutibiwa hujiingiza katika matatizo na mamlaka za huko. Msindikizaji naye huomba viza yake, na nchi hiyo huruhusu wasindikizaji wasiozidi wawili walio ndugu wa karibu wa mgonjwa.

Msindikizaji asichaguliwe kwa ukubwa wa umri au kwa cheo cha ukoo pekee. Yeye ndiye atakayesikiliza maelezo, kuweka risiti, kuhesabu dawa na kupiga simu nyumbani. Achaguliwe mwenye afya, ajuaye kusoma, na asiyeogopa kumwambia daktari: "Samahani, sijaelewa, naomba unieleze tena."

Mgonjwa wa figo anayekwenda na ndugu wa kumtolea figo ajue neno "mtoaji". Sheria ya India ya mwaka 1994 inakataza kununua na kuuza viungo vya mwili, na wageni huhitaji uthibitisho wa ubalozi wa nchi yao juu ya udugu wa mtoaji na mpokeaji. Vyeti vya kuzaliwa viandaliwe nyumbani, maana kuvitafuta ukiwa New Delhi, wakati mgonjwa anaendelea kusafishwa damu kwa mashine, ni gharama juu ya gharama.

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kichukuliwe pia, hususan na mwenye kupitia Nairobi au Entebbe. Cheti huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa, na tangu mwezi wa Julai 2016 hudumu kwa maisha yote ya aliyechanjwa. Asingoje siku ya mwisho.

MANENO YA MWILI NA MANENO YA SAA

Katika hospitali ya ugenini mgonjwa huweza kupewa mkalimani. Yapo maneno yetu ambayo yakifasiriwa neno kwa neno huleta maana nyingine kabisa.

Mgonjwa anayesema "moyo unanichafuka" ana kichefuchefu. Mkalimani asiyekijua vyema Kiswahili atamwambia daktari kwamba mtu huyu anaugua moyo, na vipimo vya moyo vitafuata. "Mshipa" kwetu huweza kuwa mshipa wa damu, mshipa wa fahamu, au ngiri. "Tumbo" ni jina la sehemu yote iliyo chini ya mbavu: ndani yake mna tumbo la chakula, ini, utumbo, kibofu, na kwa mwanamke mfuko wa uzazi. "Homa" kwa wengi wetu ni malaria, na kwa daktari ni joto la mwili lililopanda kwa sababu yoyote. Ushauri ni kuonesha kwa kidole mahali panapouma na kueleza namna panavyouma: panachoma, panakata, panapwita, au pana ganzi.

Maneno "mkono" na "mguu" yanahitaji tahadhari kubwa zaidi. Mkono kwetu huanzia begani mpaka kwenye vidole, na mguu huanzia kwenye nyonga mpaka kwenye unyayo. Lugha nyingine hugawa viungo hivyo na kuvipa majina mbalimbali. Daktari akisema kwamba mguu utakatwa, aulizwe aoneshe kwa mkono wake: ni kidole, ni chini ya kifundo, ni chini ya goti, au ni juu ya goti? Mkulima wa Bunda aliyebakiwa na goti lake na yule asiyebakiwa nalo hawana maisha sawa.

Wazee wengi huieleza hali yao vizuri zaidi kwa Kijita, Kizanaki, Kiikizu, Kikurya au Kijaluo kuliko kwa Kiswahili. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, maneno hupita katika lugha tatu kabla ya kumfikia daktari. Maelezo yake yaandikwe nyumbani, kwa utulivu, kwa msaada wa mganga wa kituo cha afya.

Saa nayo ni istilahi. Saa yetu ya pili usiku ni saa nane kwa hesabu ya Kizungu. Mgonjwa akiandikiwa dawa ya saa 8 usiku kwa hesabu hiyo, naye akaisoma kwa hesabu yetu, ataamka katikati ya usiku kuimeza. Akiambiwa na mkalimani awepo hospitalini saa tatu, aulize ni saa tatu ya nani. Namna ya kuandika dawa pia hutofautiana. Huku kwetu "1x3" ni kidonge kimoja mara tatu kwa siku. India huandikwa "1-0-1", maana yake kidonge kimoja asubuhi, mchana hakuna, na kimoja usiku.

RIDHAA, GANZI NA NUSUKAPUTI

Ridhaa ni kukubali kwa hiari, baada ya kuelezwa, kwamba ufanyiwe tiba fulani. Fomu ya ridhaa si fomu ya kuandikishwa. Ndani yake hutajwa upasuaji utakaofanywa, hatari zake, na wakati mwingine ruhusa ya kuendelea zaidi ikiwa daktari ataona haja. Mwanamke anayepasuliwa uvimbe aulize kama fomu hiyo inaruhusu kuondolewa mfuko wa uzazi. Mwenye akili timamu husaini mwenyewe. Ndugu husaini kwa niaba ya mtoto au ya mtu asiyejitambua, na si kwa sababu ya kuwa mkubwa wa nyumba.

Ganzi huondoa maumivu katika sehemu ya mwili huku mgonjwa akiwa macho. Nusukaputi humlaza mgonjwa usingizi mzito. Kabla ya nusukaputi mgonjwa hukatazwa kula na kunywa kwa saa kadhaa. Katazo hilo ni la lazima, kwani chakula kilicho tumboni huweza kupanda na kuingia katika mapafu. Msindikizaji asimpe uji kwa siri kwa kumhurumia.

Mzio ni hali ya mwili kukataa dawa au chakula fulani. Mwenye mzio aandikiwe jina la dawa hiyo kwenye karatasi aliyonayo wakati wote.

KUPONA, KUDHIBITI NA TIBA SHUFAA

Hapa ndipo penye maneno mazito kuliko yote. Kuponya ni kuuondoa ugonjwa. Kudhibiti ni kuuzuia usiendelee, nao ukabaki mwilini, kama ilivyo kwa kisukari na shinikizo la damu. Tiba shufaa ni matibabu ya kuondoa maumivu na kumtunza mgonjwa ambaye ugonjwa wake hauponi, pamoja na kuisaidia familia yake. Daktari anaposema "tunaweza kumsaidia", huenda anakusudia mojawapo ya haya matatu, na jamaa husikia la kwanza peke yake.

Watu wa Butiama wanalo somo hili nyumbani kwao. Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, aliugua saratani ya damu na akatibiwa London, katika hospitali ya St Thomas. Alifariki dunia huko tarehe 14 Oktoba 1999, mwili wake ukarejeshwa nchini, na tarehe 23 mwezi huohuo akazikwa kijijini kwake. Taifa zima lilitamani apone, na hospitali ile ilikuwa miongoni mwa kubwa za Uingereza. Nchi ya nje ina madaktari na vifaa; haina dawa ya kila ugonjwa.

Maelezo haya hayana maana ya kumkataza mtu kwenda. Wapo waliokwenda wakarudi wazima, na tiba zao hazikuwepo hapa. Lakini swali liulizwe wazi, kabla ya michango kukusanywa: "Tiba hii inakusudia kumponya, kuudhibiti ugonjwa, au kumpunguzia maumivu?" Ikiwa jibu ni la tatu, familia itazame kama mzee wao hangestarehe zaidi nyumbani, akiwa na dawa za maumivu zinazotolewa nchini, huku wajukuu wakiingia na kutoka chumbani kwake. Uamuzi ni wa mgonjwa na jamaa zake. Kilicho haki yao ni kuamua wakijua.

Hata neno la kifo lisifichwe katika mipango. Mwili wa aliyefia ugenini hausafirishwi bila ya cheti cha kifo, cheti cha kuhifadhiwa kwa dawa na karatasi za ubalozi, na gharama zake ni kubwa. Msindikizaji awe na anwani ya ubalozi wa Tanzania wa nchi anakokwenda tangu siku ya kwanza.

KURUHUSIWA NA MARUDIO

Kuruhusiwa ni kutoka hospitalini. Hakuna maana ya kumaliza matibabu. Mgonjwa hupewa muhtasari unaoeleza alichofanyiwa, dawa za kuendelea nazo na tarehe ya marudio. Asiondoke bila ya karatasi hiyo, na majina ya dawa yawe majina halisi ya kitabibu, si majina ya kibiashara pekee, maana jina la kibiashara la India huenda lisijulikane katika duka la dawa la Musoma. Akifika nyumbani aupeleke muhtasari huo kwa daktari aliyemwandikia rufaa. Huyo ndiye atakayemwangalia kidonda, kumpima damu na kujua mapema mambo yakiharibika. Aliyepandikizwa figo hutumia dawa maisha yake yote; aulize, kabla ya kusafiri, dawa hizo atazipata wapi na kwa fedha gani.

MASWALI SABA KABLA YA KUUZA MALI

Wananchi wanashauriwa kupata majibu ya maswali haya, kwa maandishi, kabla ya kuuza chochote:

1. Ugonjwa umethibitishwa, na kwa kipimo gani?
2. Tiba hii haipatikani Kwangwa, Bugando, Muhimbili wala Dodoma?
3. Je, hii ni rufaa ya Serikali au safari yangu binafsi?
4. Tiba inakusudia kuponya, kudhibiti au kupunguza maumivu?
5. Makisio yamejumuisha nini, na yameacha nini?
6. Nani atanisindikiza, naye anajua kusoma na kuuliza?
7. Nikirudi, nani ataendelea kunitibu hapa nyumbani?

Mwenye majibu ya maswali saba na asafiri, nasi tunamtakia afya njema. Asiyekuwa nayo arudi kwa daktari wake akiwa na karatasi hii mkononi, aulize tena. Kuuliza si ujinga, na swali linaloulizwa Musoma halilipiwi kwa dola.